Ramani imetoka kabatini. Pweto iko wapi ndani yake?

Vijana wenzetu wa Pweto, wa Kilwa, wa Dubie, na nyinyi wote mulioko Lubumbashi lakini nyumba ya babu iko ku Moero,

Safari hii hatuandiki juu ya barabara wala juu ya umeme. Tunaandika juu ya ramani. Tunajua kuna watakaosema: "Batu banakosa maji, nyinyi munaleta ramani?" Musome kwanza. Feza ya madini inafuata mstari wa ramani. Parsele ya mama yako imesimama juu ya mstari wa ramani. Hata mpaka wetu na Zambia ni mstari wa ramani, na mwisho mmoja wa mstari ule uko hapahapa Pweto, pale maji ya ziwa yanapotoka na kuitwa Luvua.

Kwa miaka mingi mistari hiyo ilikaa ndani ya kabati. Comité Spécial du Katanga, iliyoundwa mwaka wa 1900 kwa kusimamia ardhi na madini ya Katanga, ilikuwa na wapimaji wake na wachoraji wake. Walichora kwa ajili ya shaba. Mwanakijiji hakuwa na sababu ya kuonyeshwa. Baada ya uhuru kazi ikabaki mikononi mwa Institut Géographique du Congo, ku Kinshasa, na mikononi mwa wapimaji wa ardhi wa serikali, wale tunaowaita majeometre. Mtu aliyetaka kuona ramani alipashwa kuandika barua, kulipa, kungoja, kurudi kesho. Mwenye karatasi njo alikuwa na neno la mwisho.

Sasa kabati limefunguka. OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo kila mtu anaweza kuiongezea kitu, ilianza Uingereza mwaka wa 2004. Google Maps ikafuata mwaka wa 2005. Leo ukiwa na simu na mega kidogo unaona mapaa ya mtaa wako kutoka juu. QGIS, programu ambayo wataalamu wa SIG wanatumia kwa kuchambua na kuchora ramani, ni ya bure. KoboToolbox inatia karatasi za uchunguzi ndani ya simu: unajaza kijijini hata bila koneksio, ukirudi mjini inatuma majibu yote pamoja na kordone, yaani nambari za mahali uliposimama. Kazi iliyoomba kompyuta ya feza nyingi, leseni ya programu, na bwana mmoja tu mwenye kujua kuifungua, leo mwanafunzi anaifanya ku kompyuta ya kuazima, usiku, wakati umeme unarudi.

Lubumbashi imo ndani ya habari hii tangu mapema. Mwaka wa 2014 mji wetu ulikuwa kati ya miji ya kwanza ya mpango ulioitwa Missing Maps, ulioanzishwa na Médecins Sans Frontières, Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza, na timu ya OpenStreetMap ya kazi za msaada. Sababu ilikuwa rahisi kuelewa kwa mtu yeyote aliyeishi huku wakati wa kipindupindu: mgonjwa anafika ku hospitali, anasema jina la mtaa wake, na daktari hana ramani yenye jina lile. Usipojua wagonjwa wanatoka wapi, hutajua ni kisima gani kinaua. Basi watu wa kujitolea huko London walikaa mbele ya kompyuta, wakafuata picha za satelaiti, wakachora barabara na nyumba za Lubumbashi moja kwa moja ndani ya intaneti. Lakini muzungu wa London anaona paa, haoni jina la avenue. Majina yalipashwa kutafutwa kwa miguu, na vijana wa mjini, karatasi mkononi.

Hapo munaona namna kazi ya ramani imegawanyika. Kuchora mistari, ile kazi iliyolipiwa zamani, inafanywa na yeyote, popote, mara nyingi bure. Kinachobaki kigumu ni kujua kama mstari ni wa kweli: nani alisema, tarehe gani, alipima na chombo gani, na nani atajibu kama kuna kosa.

Majeometre wengine wana hasira. Tumewasikia wakisema kazi yao inaibiwa na watoto wa simu. Sisi tunasema wana haki nusu. Kama kazi yako ilikuwa kulinda kabati, ndiyo, kazi ile inakufa, na hatutalia ku matanga yake. Tumepiga milango ya biro zaidi ya moja (majina tunayaacha) tukaambiwa plani iko, lakini mukubwa mwenye ufunguo amesafiri. Mambo kama hayo intaneti iyamalize upesi.

Lakini nusu ile ingine ya hasira yao ni ya haki kabisa, na vijana wenzetu wengi hawaioni. Simu ya kawaida, mahali pa wazi, inakosea karibu mita tano. Chini ya miti au kati ya nyumba ndefu inakosea zaidi. Kwa kutafuta kijiji, mita tano si kitu. Sasa chukua parsele ya mita 15 kwa 20: mita tano ni theluthi ya upana wake. Ni chumba kizima cha jirani, ni choo chake, ni muembe ambao familia mbili zitaenda ku tribinali juu yake. Picha za satelaiti nazo zinaweza kuwa zimesogea mita kadhaa kutoka mahali pa kweli. Anayechora bila kusahihisha anasogeza mtaa mzima.

Kuna jambo lingine ambalo halionekani ku simu. Ramani za zamani za Katanga zilipimwa kwa kipimo chao wenyewe. Wataalamu wanakiita Katanga 1955. GPS ya simu inatumia kipimo kingine, WGS 84, cha dunia nzima. Ukichukua kordone za plani ya zamani ukaziweka vilevile ndani ya ramani ya intaneti, borni inaruka, na si kwa hatua moja au mbili. Programu haitakuambia kitu. Itakuchorea mstari mzuri, mwekundu, mahali pasipo pake. Mtu wa kukuonya ni yule jeometre mzee ambaye tunamcheka juu ya theodolite yake.

Na wezi wanajua kama hatujui. Karatasi zinatembea mjini: picha ya Google, mstari mwekundu umezunguka kipande cha ardhi, jina la "afisa", muhuri. Kijana anayerudi ku carrière na feza yake ya kwanza anaona picha, anaona paa la jirani, anaamini. Picha ya satelaiti haiko cheti. Kwa sheria ya ardhi ya Julai 1973, udongo wote ni wa serikali, na haki yako juu ya parsele inathibitishwa na certificat d'enregistrement inayotolewa na konservateri. Ukionyeshwa ramani ya intaneti peke yake, uliza cheti, uliza nambari yake, kisha uende mwenyewe ku konservateri. Tumeandika hivi mara mingi, tunaandika tena, juu kila mwezi kuna mtu anatuletea karatasi kama ile.

Tuingie ku madini, maana hapo njo ramani ya intaneti imebadilisha mambo kuliko mahali pengine. Sheria ya madini ya mwaka wa 2002 ilikata inchi yote katika vipande vya mraba, carrés, kila kimoja hekta 84,955. Permi ya kampuni ni hesabu ya vipande hivyo. Kadasta ya madini, CAMI, iko na ramani yake ku intaneti: unabonyeza kipande, unaona nambari ya permi, aina yake, mwenye permi. Miaka ishirini iliyopita mambo hayo yaliombwa kwa magoti. Leo kijana wa Pweto anaweza kutazama upande wa Dikulushi au wa Kapulo akiwa amekaa chini ya mti.

Ramani ile inakuonyesha rangi na nambari. Haikuonyeshi mashamba ya mihogo yaliyo chini ya rangi, wala makaburi, wala njia ya wanawake wanaoenda mtoni. Na haiwezi kukuambia kama Oktoba 2004, huko Kilwa, bandari ambayo shaba ya Dikulushi ilipitia kwa kuvuka ziwa, wanajeshi waliua raia zaidi ya 70. Tunalitaja kwa sababu ramani safi inasahaulisha haraka.

Kazi inayofaa, na ambayo mtaalamu wa SIG wa leo anapashwa kuijua, ni kuweka tabaka mbili pamoja: permi za CAMI chini, vijiji vya OpenStreetMap juu. Kwa QGIS ni kazi ya asubuhi moja kama data ziko. Hapo njo utajua ni vijiji gani viko ndani ya permi na haviambiwi. Shida ni kwamba data haziko. Katika teritware yetu, kadiri unavyoacha barabara kubwa, majina ya vijiji yanapungua ndani ya ramani, mpaka unafika mahali pa kijani kitupu ambapo sisi tunajua kuna watu, kuna kanisa, kuna masomo ya msingi. Kijiji kisicho na jina ndani ya ramani hakiulizwi kitu wakati kampuni inaandika ripoti yake.

Sasa feza. Sheria ya madini ilirekebishwa Machi 2018. Tangu hapo, katika redevance ambayo kampuni inalipa, 50% inaenda kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa ile entité locale (sekta, chefferie au komini) ambamo mradi uko, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kuna pia 0,3% ya mauzo ya kampuni kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mradi. Soma tena neno "ambamo". Ni mpaka wa sekta unaosema 15% inaingia kwa nani. Na mipaka hiyo mara nyingi imeandikwa kwa maneno: kutoka mto fulani mpaka mlima fulani, kisha mti mkubwa. Mto umehama, mti umekatwa. Siku mtu fulani ku biro ya Lubumbashi au Kinshasa anageuza maneno yale kuwa mstari ndani ya kompyuta, anagawa mamilioni. Anaweza kuwa kijana wa miaka 25, mkataba wa miezi mitatu, hajawahi kufika Pweto. Hatumlaumu yeye. Tunasema mstari wake unapashwa kutolewa hadharani, na jina la waliopima, na tarehe, na maneno ya zamani aliyoyafuata, ili chefu wa kijiji na mwalimu wa pale waweze kusema "hapana, mto unapita huku" kabla feza haijatoka.

Tuliahidi kusema juu ya mpaka wa Zambia. Tarehe 12 Mei 1894 Uingereza na mfalme Leopold II walikubaliana kwamba kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Moero mpaka utaenda moja kwa moja, kutoka rasi ya Akalunga mpaka pale mto unapotoka Moero. Pale ni kwetu. Wakubwa wale walikuwa Ulaya, na rula. Mwaka wa 1989 Zaire na Zambia zikatia sahihi mkataba mwingine juu ya kipande hicho. Na bado, Machi 2020, wanajeshi wa Zambia walikuwa Kibanga na Kalubamba, upande wa Moba: Kongo ikisema wameingia kwake, Zambia ikisema iko kwake. SADC ikatuma wataalamu, na wanajeshi wakaondoka mwaka uleule.

Wakati ule simu zetu zilijaa picha za ramani za intaneti. Kila mtu alikuwa na mstari wake, kila mtu alikuwa jeometre wa vita. Ramani mbili za intaneti zinaweza kuonyesha mpaka mmoja kwa namna mbili, kwa sababu kila moja ilichukua mstari wake mahali pengine, na hazikuambii. Swali kama lile linaomba mikataba isomwe na wapimaji wa pande mbili watembee porini, watafute borni, wapande zingine. Mvuvi wa Moero anayekamatwa ku maji hawezi kujitetea na picha ya skrini.

Kisha kuna mambo ambayo hayapashwi kuwa ndani ya ramani ya wote. Tunaomba mutusikie vizuri hapa, maana vijana wenye moyo wa kazi wanapenda kuweka kila kitu. Watu wa Pweto, Mitwaba na Manono wanakumbuka kwa nini teritware zetu tatu ziliitwa pembetatu ya kifo. Kambi ya watu waliokimbia, mahali bakrezeri wanalala, nyumba ya mama aliyetoa ushuhuda: hayo usiyaweke ku intaneti. Picha ya satelaiti haiombi ruhusa, lakini wewe uombe. Mtaalamu aliyesoma kazi yake vizuri anajua kuacha kitu nje ya ramani, na hilo hakuna programu itakayomfundisha.

Tuseme pia juu ya jasho. Mashirika na makampuni yanafika Pweto, yanachukua vijana wetu kwa siku kumi, simu mkononi, pikipiki ya kukodi, kijiji kwa kijiji. Kordone zote zinaruka mpaka seva ya mbali. Ripoti inatoka, ramani nzuri, rangi nzuri, na ku Pweto hakubaki hata nakala moja. Mwaka unaofuata shirika lingine linafika kuuliza maswali yaleyale kwa wazee walewale. Hiyo haiko kazi, ni kuchimba, na sisi wa Katanga tunajua kuchimba ni nini.

Tena uangalie unampa nani kazi yako ya bure. Google ilikuwa na Map Maker, watu wa inchi mingi wakaongeza barabara na majina kwa miaka. Mwaka wa 2017 ikafungwa, na data zikabaki zake. OpenStreetMap iko na leseni inayoruhusu kila mtu kuchukua data, kuzitumia, hata kuziuza, mradi aseme zimetoka wapi na akizirekebisha aziache wazi vilevile. Haina ukamilifu, na kampuni kubwa zinaifaidi pia. Lakini kijiji ulichokiandika leo, biro ya teritware inaweza kukichukua kesho bila kulipa mtu.

Wenzetu wamefanya. Kibera, ku Nairobi, mwaka wa 2009 vijana 13 wa palepale walichukua GPS wakaandika mtaa wao, ambao ramani za watu uliuacha mtupu. Dar es Salaam, kuanzia 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitembea na wakaaji wa mitaa katika kazi ya Ramani Huria, wakaandika mifereji na nyumba zinazoingiliwa na mafuriko. Wengine walitoka pale na ufundi wa kuwalisha.

Basi tunadai. Biro za ardhi za jimbo la Haut-Katanga zitoe hadharani mipaka ya sekta na chefferies za teritware ya Pweto kama ilivyo leo ndani ya kompyuta zao, hata kama haijakamilika, na zipokee masahihisho kwa maandishi. Kila plani ya parsele iandikwe kordone zake na kipimo kilichotumiwa, na mwenye parsele apewe nakala yake palepale, bila "kahawa". Shirika au kampuni yoyote inayokusanya data Pweto iache nakala ku biro ya teritware, ikitoa majina ya watu kwanza, na iwalipe wakusanyaji kama wafanyakazi. Na majeometre wetu wazee, wale wenye borni kichwani, waitwe kufundisha kabla hawajaenda nazo.

Upande wetu tunaanza na majina. Wale wa Lubumbashi wenye kompyuta watafuata mito na njia ku picha za satelaiti. Wale wa Pweto, Kilwa, Lukonzolwa na Dubie watauliza wazee na kurudisha majina namna yanavyosemwa pale, si namna yalivyoandikwa na mkoloni. Kama kijiji kiko na majina mawili, muandike yote mawili. Kama kuna ubishi juu ya mpaka, musichore mpaka: muandike paka kijiji, mto na kisima. Mwenye kujua vijiji vya kutoka Dubie kwenda Mutabi atuandikie mapema, juu upande ule hatuna mtu bado, na mvua ikianza njia itakatika.